Mwenendo wa kesi haujachapwa: je, rufaa ya kaka yangu bado ipo?

Swali: Kaka yangu alihukumiwa kifungo cha miaka 30 na Mahakama ya Wilaya kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Siku ya pili yake alijaza notisi ya rufaa kule kule gerezani. Sasa miezi saba imepita. Nakala ya hukumu tumepewa, lakini mwenendo wa kesi kila nikienda masjala naambiwa haujachapwa, mara faili liko kwa hakimu aliyehamishwa. Kuna mtu pale nje ya mahakama kaniambia nikitoa hela ya karatasi utapatikana wiki hiyo hiyo. Nasikia rufaa ina siku 45 tu. Je, tumeshachelewa? Na kwa kuwa hukumu tunayo, hatuwezi kuandika sababu za rufaa kwa kuitumia hiyo?

Jibu: Dada, pole sana na hangaiko hilo. Nianze na lile ambalo nadhani ndilo linakunyima usingizi. Kwa ulivyoeleza, siku 45 za kaka yako hazijamalizika, ila kuna jambo moja inabidi ulifanye wiki hii ili asije mtu akasema zimekwisha.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, Sura ya 20, inamtaka mtu anayekata rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu atoe kwanza notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha awasilishe petisheni yenye sababu za rufaa ndani ya siku 45. Watu wengi husoma mpaka hapo wakakata tamaa. Lakini sheria hiyo hiyo inaendelea kusema kwamba katika kuhesabu siku 45, muda uliohitajika kupata nakala ya mwenendo (kumbukumbu iliyoandikwa ya yaliyosemwa na kufanyika mahakamani), hukumu au amri inayokatiwa rufaa hautahesabiwa. Huo ni muda ambao sheria yenyewe inauondoa. Si fadhila ya jaji, wala huhitaji kwenda kuuombea ruhusa. Katika hukumu nyingi utaikuta kanuni hii ikitajwa kama kifungu cha 361. Kwa kuwa toleo jipya la sheria zetu limeanza kutumika Julai 2025 na namba zinaweza kuwa zimesogea, kwenye barua zako taja jina la sheria na jambo lenyewe, usibebe mzigo wa namba.

Hiyo miezi saba itaondolewa kwenye hesabu ikiwa utaweza kuonyesha kwamba nakala ziliombwa na hazikutolewa. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi nawe. Umekwenda masjala mara nyingi, umesimama dirishani, umeuliza kwa mdomo, umejibiwa kwa mdomo. Yote hayo hayamo kwenye faili. Siku jaji atakapouliza nakala ziliombwa lini, jibu halitakuwa kumbukumbu yako ya nani alikaa dirishani. Litakuwa barua yenye muhuri wa kupokelewa.

Kwa hiyo andika barua, hata kama kaka yako alishaandika moja kupitia gereza. Ielekeze kwa Hakimu Mfawidhi wa Mahakama ya Wilaya iliyomhukumu. Taja namba ya kesi na mwaka wake, jina la mshtakiwa, tarehe ya hukumu, tarehe ya notisi, gereza alipo. Omba nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wote wa kesi pamoja na vielelezo, yaani vitu na hati zilizotolewa kama ushahidi, kwa ajili ya rufaa Mahakama Kuu. Eleza kwamba umekuwa ukifuatilia tangu lini. Peleka nakala mbili, moja wabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri na tarehe urudi nayo nyumbani. Baada ya mwezi kama kimya, andika ya kukumbusha, na safari hii nakala iende kwa Naibu Msajili wa Mahakama Kuu wa kanda yenu. Kwa uzoefu wangu barua ya pili ndiyo huamsha watu, kwa sababu aliye juu naye sasa anajua.

Gerezani nako kuna kazi. Mfungwa anaruhusiwa kisheria kupitisha nyaraka zake za rufaa kwa Mkuu wa Gereza, ambaye ni wajibu wake kuzifikisha mahakamani. Siku ya kumtembelea kaka yako, mwombe aulize kwenye ofisi ya rufaa ya gereza kama notisi yake ilipelekwa, tarehe gani, na nani aliipokea mahakamani. Aulize pia kichwa cha notisi kimeandikwaje. Notisi hupelekwa kwenye mahakama iliyotoa hukumu, lakini kichwa chake kinatakiwa kisomeke "Katika Mahakama Kuu". Rufaa zimewahi kugonga mwamba kwa sababu kichwa kilitaja Mahakama ya Wilaya. Inauma mtu kukwama kwa jambo kama hilo, na ni rahisi kulibaini mapema.

Ikigundulika notisi haikufika au ina kasoro, bado mlango upo. Mahakama Kuu inaweza kupokea rufaa nje ya muda kukiwa na sababu ya msingi. Kaka yako ataomba kuongezewa muda kwa hati ya kiapo, na hapo kiapo chake peke yake mara nyingi hakitoshi. Akisema alimkabidhi askari magereza notisi ndani ya muda, basi kitafutwe pia kiapo cha ofisa wa gereza kinachothibitisha hivyo. Majaji wengi wanaelewa kwamba mtu aliye ndani hawezi kupanda daladala kwenda masjala. Wanachotaka ni karatasi inayoonyesha kwamba alifanya lililokuwa ndani ya uwezo wake.

Kuhusu huyo mtu wa hela ya karatasi, usimpe. Nakala ya hukumu mshtakiwa hupewa bila malipo akiiomba, ndivyo sheria inavyosema. Kama kwa nakala za mwenendo kuna ada yoyote halali, italipwa kwa kontroo namba na utapewa risiti ya serikali. Malipo ya mkononi nje ya geti ni rushwa, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wana namba 113 ya kupiga bure. Najua unaona ni afadhali utoe kidogo mambo yaishe. Lakini nakala inayotoka kwa njia hiyo mara nyingine haina uthibitisho, au ina kurasa pungufu, na mtu huna pa kulalamika kwa sababu umeipata kwa mlango wa nyuma.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo kubwa kuliko yote: kwa nini usiandike sababu za rufaa kwa kutumia hukumu uliyonayo?

Kwa sababu hukumu ni maelezo ya hakimu kuhusu ushahidi, na rufaa inapima kama maelezo hayo yanalingana na ushahidi wenyewe. Ushahidi uko kwenye mwenendo. Mahakama Kuu ikikaa kusikiliza rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupitia upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe. Haiiti mashahidi tena. Inasoma. Kila kitu ambacho kaka yako alikisikia mahakamani kikasemwa lakini hakikuandikwa, kwa Mahakama Kuu ni kama hakikuwepo. Na kila kilichoandikwa vibaya kitasomwa hivyo hivyo.

Chukua mfano wa kesi ya aina yake. Unyang'anyi mara nyingi hutokea usiku, na mashahidi husema tulimtambua. Hukumu itasema kwa sentensi moja kwamba mashahidi wawili walimtambua mshtakiwa kwa mwanga wa taa. Mahakama ya Rufani, iliyo juu ya Mahakama Kuu, tangu uamuzi wake maarufu wa mwaka 1980, imekuwa ikisisitiza kwamba ushahidi wa kutambua kwa macho ni dhaifu na haupaswi kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Taa ilikuwa ya aina gani na ilimulika kwa kiasi gani? Shahidi alikuwa umbali gani, alimtazama kwa muda gani, alimjua kabla? Alimtaja kwa polisi au kwa majirani mara ya kwanza alipopata nafasi, au jina lilikuja baada ya siku tatu? Majibu ya maswali haya hayapo kwenye hukumu. Yapo kwenye mwenendo, kwenye maneno ya shahidi wa kwanza na wa pili, na hasa pale walipohojiwa na kaka yako.

Au maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi baada ya kuonywa, kama yapo. Sheria inawapa polisi muda wa saa nne tangu kumkamata mtu kumhoji, isipokuwa muda umeongezwa kisheria. Askari mmoja atakuwa amesema mahakamani kwamba walimkamata saa kumi na mbili asubuhi, mwingine, labda siku nyingine kabisa, atasema aliandika maelezo saa nane mchana. Hakimu huenda hakuziweka saa hizo mbili pamoja. Ni wewe au wakili, mkiwa na mwenendo mezani, mtakaoziweka pamoja.

Kuna pia utaratibu wa vielelezo. Hati ikishapokelewa kama kielelezo inapaswa kusomwa mahakamani ili mshtakiwa ajue kilichomo. Mahakama ya Rufani ilisisitiza hivyo mwaka 2003 na imerudia mara nyingi tangu hapo. Isiposomwa, hati hiyo huondolewa kwenye kumbukumbu, na wakati mwingine ikiondolewa hiyo, kesi ya Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inabaki na mashahidi wasio na uzito. Kama kielelezo kilisomwa au hakikusomwa utaliona kwenye mwenendo tu, kwenye mstari mfupi unaofuata neno "kimepokelewa".

Umenitajia kwamba hakimu amehamishwa. Hapo nakuomba uwe makini mara mbili. Kwanza, faili ni mali ya mahakama. Hakimu anaweza kutakiwa kuhakiki kilichochapwa dhidi ya mwandiko wake, na hilo linaweza kuchelewesha kwa haki kabisa, lakini faili halihami naye. Ukiambiwa liko kwake, uliza kwa maandishi lilitoka lini na kwa kumbukumbu gani. Pili, je, alihamishwa baada ya hukumu au katikati ya kesi? Kama mashahidi wengine walisikilizwa na hakimu mmoja na wengine na mwingine, sababu za kubadilishana faili zinatakiwa ziandikwe kwenye mwenendo. Zisipoandikwa, hiyo ni sababu ya rufaa inayosimama yenyewe, na kwenye hukumu huenda haikutajwa hata kwa neno moja.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi ukijua mwenendo unavyotengenezwa. Katika mahakama zetu nyingi hakimu huandika kwa mkono, yeye mwenyewe, huku shahidi anaongea. Haandiki kila neno, anaandika kwa mtindo wa masimulizi. Kwa miaka mingi shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza, akitafsiri kichwani papo kwa papo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na katika baadhi ya mahakama zimeanza kufungwa mashine za kunukuu sauti, lakini mwandiko wa mkono bado upo sana. Kisha mchapaji anakaa na mwandiko ule, wenye vifupisho na mistari iliyokatwa, anauchapa. Katika safari hiyo "sikumwona" inaweza kugeuka "nilimwona". Ukurasa unaweza kurukwa.

Kwa hiyo ukiupata mwenendo, usiuchukulie kwamba ni sahihi kwa kuwa una muhuri. Kaka yako ndiye aliyekuwepo kizimbani, yeye ndiye msomaji wa kwanza. Akiona mahali ambapo panakwenda kinyume na alivyosikia, iombwe kulinganisha na mwandiko wa awali, ambao hata hivyo utapelekwa Mahakama Kuu kwa ajili ya rufaa. Hili lina faida upande wa pili pia. Sheria inataka hakimu atie saini mwishoni mwa ushahidi wa kila shahidi, na Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo kwa kukosekana saini hizo. Nimeona warufani wakishangilia kwa kuwa nakala iliyochapwa haina saini, kumbe kwenye mwandiko wa awali zote zipo, mchapaji tu hakuziandika. Na hata kasoro hiyo ikithibitika, matokeo yake mara nyingi ni kesi kusikilizwa upya. Mtu asikuahidi kwamba saini ikikosekana basi kaka anarudi nyumbani.

Jambo lingine la kujua mapema: kumbukumbu ya mahakama huaminiwa. Mahakama ya Rufani ilieleza katika uamuzi uliochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1998 kwamba kumbukumbu hiyo ni hati nzito, haipingwi kwa wepesi. Kusema tu "mimi sikusema hivyo" hakutamfikisha mbali. Atahitaji kitu cha kushika: mwandiko wa awali unaotofautiana, jibu la shahidi ambalo halina maana bila swali lililorukwa, tarehe ambazo haziwezekani.

Sijui kama limekupitia akilini, lakini ukiendelea kuzungushwa uwezekano wa faili kupotea nao upo, na heri ulisikie kutoka kwangu. Faili likipotea, rufaa haifi. Mahakama itatakiwa kwanza ifanye juhudi za kweli za kulitafuta, na ofisa wa masjala kueleza kwa kiapo lilivyotafutwa. Kisha hujaribu kulijenga upya: Ofisi ya Taifa ya Mashtaka wana nakala gani, polisi wana jalada, wakili kama alikuwepo ana maandishi yake, gereza lina hati ya kifungo na labda hukumu. Hapo ile nakala ya hukumu mliyonayo itakuwa na thamani kubwa, kwa hiyo itolee kopi leo na uitunze nyumba mbili tofauti. Ikishindikana kabisa, mahakama hupima. Tangu enzi za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika uamuzi wa mwaka 1952 ambao bado unanukuliwa Kenya, imekubaliwa kwamba faili kupotea hakumfanyi mtu aachiwe moja kwa moja, wala hakumfanyi aendelee kufungwa bila kusikilizwa. Huangaliwa nani alisababisha upotevu, mtu ametumikia kifungo kwa muda gani, mashahidi bado wanapatikana, na kosa lina uzito gani.

Nina msimamo wangu katika hili na sitauficha. Kenya wameandika haki hii kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 50: mshtakiwa ana haki ya kupata nakala ya mwenendo ndani ya muda unaofaa baada ya kesi kuisha. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), inatoa haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa, lakini nakala haikuzitaja. Kwangu mimi moja haipo bila nyingine. Ndivyo ilivyoona pia Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2007, ilipoeleza kwamba haki ya rufaa haitekelezeki mpaka aliyehukumiwa apate hukumu iliyoandikwa pamoja na kumbukumbu za kesi. Na Septemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa uamuzi dhidi ya Tanzania katika shauri la mtu aliyefungwa kwa miaka mingi akisubiri nakala hizo, ikasema haki yake ya kukata rufaa ilivunjwa. Miezi miwili baadaye serikali iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu watu binafsi kufungua mashauri yao huko moja kwa moja, kwa hiyo njia hiyo kwa kaka yako imefungwa. Uamuzi wenyewe bado upo, na wakili wenu anaweza kuutaja mbele ya jaji.

Wakili: kama hamna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawahusu wafungwa pia. Waulizeni ustawi wa gereza, au nendeni Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au Chama cha Wanasheria Tanganyika. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomwa bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, mkitaka kuona kesi zinazofanana. Mwenendo wa Mahakama ya Wilaya hamtaupata humo.

Dhamana wakati wa kusubiri rufaa ipo kisheria, lakini kwa kifungo cha miaka 30 hutolewa kwa nadra mno. Msitumie nguvu zenu huko.

Siku mtakayoitwa kuchukua mwenendo, kabla hujaondoka dirishani hesabu kurasa, angalia kama mashahidi wote waliotajwa kwenye hukumu wamo, kama hati ya mashtaka ipo, kama vielelezo vimeambatanishwa, na kama uthibitisho una saini na tarehe. Hakikisha tarehe uliyokabidhiwa imeandikwa kwenye kitabu chao na kwenye nakala yako, kwa sababu ndiyo siku ambayo zile 45 zitaanza kukimbia, na safari hii hakutakuwa na cha kuzisimamisha. Toa kopi mbili. Moja impelekee kaka yako kupitia ofisi ya gereza aisome na aandike pembeni kila anachokipinga, ya pili impelekee wakili siku hiyo hiyo. Sababu za rufaa waziandike wote wawili wakiwa wameshausoma.